Matabaka Matatu ya Mwanzo wa Mtoto

Hapa Sekei husikika watu wakisema kwamba mimba ya mwezi mmoja ni damu tu, bado hakuna kitu. Sivyo. Kazi kubwa huwa imekwisha fanyika.

Mwili umejengwa kwa chembe ndogo zenye uhai, ziitwazo seli. Mimba ikitungwa, seli ni moja. Hugawanyika zikawa mbili, nne, na kuendelea. Wiki ya tatu hujipanga matabaka matatu, kama chapati zilizopangwa kwenye sahani. Tabaka la ndani hutoa utumbo, ini na mapafu. La kati hutoa mifupa, misuli, moyo na damu. La nje hutoa ngozi na nywele. Tena, ajabu, hilo hilo la nje ndilo linalotoa ubongo na uti wa mgongo!

Linafanyaje? Sisi tunaokaa chini ya Mlima Meru tunaijua mifereji ya kumwagilia mashamba. Basi, tabaka la nje hubonyea katikati likafanya mfereji. Kingo zake mbili huinuka, zikainamiana, zikaungana. Mfereji umekuwa bomba. Upande wa juu ni ubongo, sehemu iliyobaki ni uti wa mgongo. Bomba lote huwa limefungika kama siku ya 28 tangu mimba kutungwa. Wakati huo mtoto ni mdogo kuliko punje ya mahindi, na mama amechelewa siku zake kwa wiki mbili tu. Pengine hata hajajijua.

Bomba lisipofungika vizuri upande wa chini, mtoto huzaliwa na mgongo wazi, na mara nyingi kichwa hujaa maji. Si uchawi, wala si mkosi wa mama. Apelekwe hospitali upesi.

Sababu ziko nyingi. Moja tunaiweza: upungufu wa vitamini iitwayo foliki asidi. Imo katika maharage, mchicha na mnavu, ila tukichemsha mboga mno na kumwaga maji yake, nyingi hupotea. Tangu mwaka 2011 kanuni za serikali zinavitaka viwanda vikubwa kuiongeza katika unga. Mashine zetu za kusaga mara nyingi haziongezi kitu.

Vidonge vya kliniki vinayo pia. Lakini anayeanza kliniki mwezi wa nne, siku ya 28 imekwisha mpita zamani. Kwa hiyo anayetaka mtoto aviulizie zahanati kabla ya kushika mimba. Anayetumia dawa za kifafa amwone daktari kwanza, asiziache mwenyewe.