Kompyuta ya Kikundi Ikizimika Ovyo: Daftari Kwanza, Bisibisi Baadaye



Siku hizi si ajabu kukuta kikundi cha kujisaidia kina kompyuta yake, mara nyingi ya mitumba, imewekwa nyumbani kwa mweka hazina. Humo ndimo mna akiba ya kila mwanachama, mikopo, faini na zamu za kupokea mchango.

Hebu tuchukue mfano ambao unaweza kutokea kwa kikundi chochote. Ni siku ya mkutano. Mama mweka hazina anaingiza michango ya watu ishirini. Amefika kwa mtu wa kumi na saba, mara skrini giza! Anawasha tena, michango ya leo haionekani. Mmoja anauliza, "Mama, kwani umefuta?" Mwingine anaguna tu. Mkutano unaisha vibaya, na mkutano unaofuata watu watatu hawaleti mchango.

Mgonjwa hapo ni mashine, lakini anayeshukiwa ni mtu. Kwa hivyo somo hili ni letu sote, tusiwaachie mafundi peke yao. Lina hatua nne.

1. OKOA HESABU KWANZA

Kabla ya kutafuta ugonjwa, nakili hesabu zote kwenye flashi mbili. Moja ikae kwa mweka hazina, nyingine kwa katibu, nyumba tofauti. Kompyuta inayozimika ovyo inaweza kuharibu faili wakati wowote, na ukianza kuirekebisha bila nakala unacheza na jasho la watu.

Tena, michango iandikwe kwanza kwenye kitabu cha karatasi wanachama wakiona, ndipo iingizwe kwenye mashine. Unapoingiza, bonyeza Ctrl na S kwa pamoja kila baada ya majina mawili matatu. Hapo kazi inahifadhiwa. Stima ikipotea, utarudia majina machache tu.

2. ANDIKA INAPOZIMIKA

Wengi wetu mashine ikisumbua tunakimbilia fundi. Fundi anauliza, "Inazimika lini?" Tunajibu, "Ah, wakati wowote tu." Naye anabahatisha. Anabadilisha kifaa hiki, halafu kile, na kila kimoja kina bei yake.

Mara nyingi hiyo "wakati wowote" ina mpango wake, ila hakuna aliyeuandika. Weka daftari kando ya kompyuta. Kila ikizimika andika mambo matano: tarehe na saa, imefanya kazi kwa muda gani, programu gani ilikuwa wazi, stima ilikuwaje, na skrini ilionyesha nini. Ikitokea skrini ya buluu, nakili maneno na namba zake. Ukipata mara tano au sita, anza kusoma.

Windows nayo ina daftari lake. Shikilia kitufe cha Windows na R, andika perfmon /rel, kisha Enter. Itatokea kalenda, na siku zenye matatizo zina alama nyekundu ya X. Ukisoma kwamba Windows haikufungwa vizuri, ujue hiyo inakuambia tu kwamba mashine ilikatika ghafla. Sababu bado haijasemwa.

3. SOMA DALILI

Joto. Mashine inazimika baada ya kufanya kazi kwa muda, hasa mchana. Feni inapiga kelele. Ukiiwasha papo hapo inazimika upesi zaidi, lakini ikipoa inakaa tena. Kompyuta hujizima yenyewe ikipata joto kupita kiasi, ili isiungue. Katika nyumba zetu adui mkubwa ni vumbi lililoziba feni. Na laptopu ikiwekwa juu ya blanketi au kitambaa kizito, haipumui.

Stima. Inazimika wakati taa zinafifia, pasi ikichomekwa, au kinu cha unga cha jirani kikianza kusaga. Stima yetu ya Kenya ni volti 240, lakini inaposhuka ghafla, kompyuta ya mezani hukatika. Jaribu soketi nyingine bila ile waya ya kuongeza urefu, au ipeleke nyumba nyingine siku mbili. Kama ni laptopu na inafanya vizuri kwa betri lakini inazimika ikiwa kwa chaja, shuku chaja au stima. Ikizimika kila mahali, na joto hakuna, huenda ni kile kisanduku cha ndani kinachogawa umeme.

Kumbukumbu ya muda, ile mafundi huita ramu. Hapa hakuna saa wala kazi maalum. Leo inaganda, kesho skrini ya buluu, na namba za kosa hubadilikabadilika. Hifadhi kazi, bonyeza Windows na R, andika mdsched, halafu Enter. Kompyuta itajiwasha upya na kujipima. Ikionyesha makosa, mwambie fundi. Isipoonyesha, rudia siku nyingine, kwa maana kosa la kuja na kupotea halionekani kila mara.

Diski. Faili zinachukua muda mrefu kufunguka au hazifunguki kabisa, na pengine unasikia mlio wa tik-tik ndani. Usiendelee kuijaribujaribu. Nakili kilichobaki, zima, na umwite fundi.

Programu. Shida ilianza baada ya kuongeza kitu kipya, au hutokea programu fulani tu ikifunguliwa. Iondoe hiyo, kisha utazame siku chache. Pia pima virusi, hasa kama flashi zenu hupita kwenye kompyuta za watu wengi.

4. BADILISHA KITU KIMOJA TU

Ukisafisha vumbi, ukabadilisha waya, na ukaondoa programu siku hiyo hiyo, mashine ikipona hutajua dawa ilikuwa ipi. Ugonjwa ukirudi utaanza tena sifuri. Fanya jambo moja, andika tarehe, ngoja. Anza na yasiyo na gharama: vumbi, soketi, programu. Kununua kuje mwisho.

Kusafisha ni hivi. Zima, chomoa waya ukutani, fungua ubavu wa sanduku. Tumia brashi kavu laini, maji usiguse. Shika mabawa ya feni yasizunguke unapopuliza. Lakini kisanduku cha umeme usikifungue kamwe, hata kama umechomoa waya: ndani kuna vifaa vinavyohifadhi umeme, navyo vinaweza kukupiga. Laptopu ni ngumu kufungua, mwachie fundi.

Ukienda kwa fundi, nenda na daftari lako. Mwombe akuonyeshe kifaa kilichoharibika na akurudishie kile alichotoa. Fundi mwema hatakasirika.

Turudi kwa yule mama mweka hazina. Kama daftari la kompyuta lingekuwako mezani, angelifungua na kusema, "Tazameni, hii ni mara ya nne, na kila mara kinu kikianza." Na kitabu cha karatasi kingeonyesha michango yote kumi na saba. Hakuna ambaye angeguna.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Hesabu zetu ziko mahali pangapi? Nyumba ya mweka hazina ikiungua leo, tutabaki na nini?
2. Nani kati yetu, mbali na mweka hazina, anaweza kufungua na kusoma hesabu hizo?
3. Je, tumewahi kumlaumu mtu kwa kosa la mashine? Tulisemezana vipi baadaye?

KAZI KABLA YA MKUTANO UJAO: Nunueni daftari moja dogo, chora safu tano, lifungeni kwa uzi kwenye meza ya kompyuta pamoja na kalamu.