Ufahamu na Ufupisho: Mama Humpakata Mtoto Upande Gani?

Soma kifungu hiki mara mbili kabla ya kugusa maswali.

Mwaka 1960 mwanasaikolojia wa Marekani, Lee Salk, alichapisha uchunguzi ulioanzia katika bustani ya wanyama ya Central Park, New York. Huko alimtazama tumbili jike aliyekuwa na mtoto. Katika mara 42 alizomwona akimpakata, mara 40 alimweka upande wa kushoto. Salk akaenda kuwatazama akina mama 287 waliojifungua. Kati ya wanaotumia mkono wa kulia, asilimia 83 waliwapakata watoto upande wa kushoto. Kati ya wenye mashoto, asilimia 78. Baadaye watafiti waliwakuta sokwe na gorila wengi wakifanya vivyo hivyo. Salk aliamini kwamba mtoto hutulizwa na mapigo ya moyo wa mama. Wengine hutaja ubongo: mtoto akiwa kushoto, uso wake huwa upande wa kushoto wa macho ya mama, na kinachoonekana upande huo hupokelewa kwanza na nusu ya kulia ya ubongo, yenye kazi kubwa katika kusoma hisia.

Swali: Kwa kutumia kifungu, onesha kwa nini "kuacha mkono wa kulia ufanye kazi" si sababu ya kutosha.

Hapa ndipo wengi huanguka. Mtahiniwa anakumbuka nyumbani, mama anakoroga uji huku kapakata mtoto, anaandika alichokiona. Ni kweli alikiona, lakini hakikuulizwa. Rudi kwenye kifungu uwatafute wenye mashoto. Kama sababu ingekuwa mkono wa kazi, wao wangepakata upande wa kulia. Hawakufanya hivyo: asilimia 78 walipakata kushoto, karibu sawa na wenzao. Sentensi mbili zinatosha, mradi tarakimu hiyo imo.

Angalia pia kitenzi "aliamini". Ukiandika "Salk alithibitisha", umebadili maana, na alama imekwenda. Vilevile asilimia 83 si "akina mama wote". Na kupakata si kubeba kwa mbeleko. Mtoto wa mgongoni hamo katika kifungu hiki.

Ufupisho kwa maneno yasiyozidi 40:

Watafiti waligundua kwamba akina mama wengi, wawe wa mkono wa kulia au wenye mashoto, huwapakata watoto upande wa kushoto, kama sokwe na gorila wengi. Salk aliamini sababu ni mapigo ya moyo. Wengine hutaja jinsi ubongo unavyosoma hisia usoni.

Hayo ni maneno 38. Tumbili wa Central Park nimemwacha makusudi: ni mmoja tu, naye ni mfano. Mifano ndiyo ya kwanza kutolewa nafasi inapobana.

Sasa funika ufupisho wangu, uandike wako kwa maneno 30. Amua mwenyewe kipi kitoke.