Nyati: Hatari Porini, Hatari Sufuriani

Wakazi wa Kibarani wanakifahamu kituo cha Tume ya Nyama nchini (KMC) mtaani mwao. Nyama ya nyati haipiti njia hiyo ya ukaguzi. Nyati wapo Shimba Hills, kaunti jirani ya Kwale, na katika mbuga za Tsavo. Kuwawinda kuna hatari tatu.

Kwanza, mnyama mwenyewe. Dume huweza kuzidi kilo 700, na hukimbia zaidi ya kilomita 50 kwa saa. Akijeruhiwa kwa mshale au tanzi la waya, hujificha kichakani na kumvamia anayemfuata.

Pili, maradhi. Nyama ya porini inaweza kuwa na kimeta au brusela. Kimeta humpata hata anayemchuna mnyama au kukata nyama, na kuipika hakuondoi hatari hiyo.

Tatu, sheria. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Chini ya sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013, hata kupatikana na nyama hiyo ni kosa.

Mwananchi afanye nini?

- Anunue nyama kwenye bucha yenye leseni na atazame mhuri wa mkaguzi.
- Aikatae nyama ya bei ya chini mno inayopitishwa mlango kwa mlango.
- Akishika nyama ya porini kisha atokwe na kidonda cheusi kisichouma, aende hospitali mara moja na aeleze alichoshika.
- Atoe habari kwa polisi au Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS).

Kitoweo rahisi kisigharimu maisha.