Anayeomba Mchango kwa Simu Ajitambulishe
Kwa wakazi wa Biliqo na majirani wa Bulesa na Merti

Simu inalia. "Asalaam aleikum, mama. Tunawachangia watoto wa familia zilizomalizwa na ukame. Tuma chochote, hata mia mbili, kwa namba hii." Sauti ni ya upole. Wewe uliyeona mvua ikikosa misimu mitano mfululizo, tangu mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, huhitaji kuelezwa ukame ni nini. Kabla hujauliza neno, kidole kiko kwenye M-Pesa.

Ngoja kwanza.

Waborana wana busaa gonofa. Mtu aliyepoteza mifugo wake hupeleka shida yake kwa ukoo, wazee huketi, hasara huchunguzwa, kisha ndugu humpa wanyama wa kuanzia maisha upya. Kila aliyeketi pale anajua nani amepungukiwa, nani ametoa, na ng'ombe ameingia boma la nani. Anayeomba haoni aibu kuulizwa, na anayeuliza haitwi mchoyo. Simu imeondoa kikao hicho. Maswali yake tusiyaache yaondoke nacho.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Michango ya Umma, Sura 106, ipo tangu 1960, nayo inataka anayechangisha pesa kwa umma awe na kibali. Mashirika ya hisani husajiliwa chini ya Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya 2013, iliyoanza kutumika tarehe 14 Mei 2024. Vikundi vya kijijini, vikiwemo vya akina mama, vina sheria yao ya usajili ya 2022. Kwa hiyo shirika au kikundi halali kina cheti, na kina namba ya cheti hicho. Kuitaja hakuchukui hata dakika moja.

Lakini sheria inayomgusa moja kwa moja mwenye simu ni ile ya Ulinzi wa Data ya 2019. Aliyekupigia anajua jina lako na namba yako, amevipata wapi? Sheria inakupa haki ya kuambiwa taarifa zako zinatumiwa kwa kazi gani na nani mwingine anapewa. Unaweza pia kukataa zisitumiwe, na kudai zifutwe pale ambapo hana haki ya kuzihifadhi. Akikudharau, malalamiko hupelekwa kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Nchini Marekani, anayelipwa kupiga simu za kuombea shirika la hisani hutakiwa kutaja upesi jina la shirika na kusema wazi kwamba anaomba mchango. Tunaiona kanuni hiyo kuwa ya haki kabisa. Asipoanza yeye kusema, anza wewe kuuliza.

Uliza nini?

Uliza jina kamili la shirika na namba ya usajili. Uliza kibali kimetolewa na ofisi gani. Halafu uliza swali ambalo wengi huliogopa: katika mia mbili yangu, ngapi zitamfikia mtoto, na wewe unayepiga unalipwa kiasi gani? Mchangishaji kulipwa mshahara si kosa. Kosa ni kukuficha. Mwisho, uliza pesa inaingia kwa jina la nani. M-Pesa huonyesha jina la mpokeaji kabla hujakamilisha. Ukiambiwa ni shirika, kisha ukaona jina la mtu binafsi, katiza hapo hapo.

Binamu anayechangisha bili ya hospitali unamjua, na mgonjwa unamjua. Hata hivyo, ujumbe ukitoka namba ngeni, mpigie binamu kwa namba uliyo nayo tangu zamani. Anayesema "tuma sasa hivi, muda unaisha" mwambie utampigia kesho baada ya kushauriana na nyumbani. Mwenye nia njema atasubiri.

Umeshatuma?

Usinyamaze kwa haya. Ikiwa ulitumia M-Pesa, peleka ujumbe wa muamala kwa 456 mara moja kuomba pesa irudishwe, kabla mpokeaji hajaitoa. Namba ya tapeli iripoti kwa 333, kisha toa taarifa polisi na kwa chifu. Usifute ujumbe wala rekodi ya simu, maana ndio ushahidi wako. Na jioni hiyo hiyo waambie majirani, kwa sababu aliyekupigia wewe huenda ana namba zao pia.