Kimashine kidogo, gari la zamani: fundi anajibu

Maswali yamekuwa mengi kuhusu kile kimashine kinachoshikwa kama kalamu nene, ambacho watu wanakiita Dremel hata kikiwa kimetoka kiwanda kingine kabisa. Namna ya kukiwasha sitaieleza. Nimechagua maswali yanayoninyima usingizi, na mengi yanatoka kwa wanaofufua Peugeot 404. Sishangai: gari hilo lilishinda Safari Rally mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968, na wenye nalo hawataki kulitupa.

Fundi, shikamoo. Diski zangu za kukatia zinapasuka kila mara. Nimeambiwa ni feki. Ninunue zipi?

Marahaba. Feki zipo, lakini kabla ya kulaumu duka, tuutazame mkono wako. Unakandamiza.

Sisi tumelelewa na jembe, tupa na msumeno: kazi ikigoma, unaongeza nguvu. Hapa mambo ni kinyume. Grinda ya kawaida ina diski ya milimita 115 inayozunguka kama mara 11,000 kwa dakika. Kimashine chako kina diski ya milimita 38 inayozunguka mara 30,000. Piga hesabu: ukingo wa diski kubwa unakimbia mita 66 hivi kwa sekunde, wa ndogo mita 60. Mbio zinakaribiana. Kinachokosekana ni misuli, maana mota ya grinda ni wati 700 au zaidi, na yako haifiki hata 200. Ukikandamiza, mizunguko inashuka, na pamoja nayo unaondoka uwezo wa kukata. Unabaki na msuguano mtupu. Chuma kinageuka samawati, bati linavimba, rangi ya upande wa pili inajikunja kama utandu wa maziwa, diski inabanwa na kupasuka. Halafu unasema feki.

Tumia masikio. Kikikata vizuri, mlio wake ni mwembamba na haubadiliki. Ukianza kuwa mzito, umeshakosea. Gusa, inua, gusa, inua, uzito wa kimashine chenyewe unatosha. Hata nikiwapa mgongo wanafunzi wangu, najua nani anakandamiza.

Ila kwenye brashi ya waya, punguza mbio. Isizidi mizunguko 15,000, maana ikizidi nyuzi zinachomoka na kuruka kama sindano. Mimi moja ilinichoma kwenye kope siku niliyoacha miwani mezani. Kope, si jicho, na ilikuwa bahati tu.

Cha betri au cha waya?

Cha waya.

Sakafu ya gari ina kutu. Nitumie kichwa gani kuiondoa?

Barua tano zimeuliza hivi, kwa hiyo nazijibu pamoja. Hakuna kichwa. Kusafisha sakafu ya 404 kwa kimashine hiki ni kufagia uwanja wa mpira kwa mswaki. Chukua grinda yenye brashi kubwa, kisha gongagonga kwa ncha ya bisibisi. Ikipenya, hakuna cha kusafisha tena: kata bati hadi ufike kwenye chuma kizima na uchomelee jipya. Kimashine utakihitaji baadaye tu, kwenye pembe na mikunjo ambayo brashi kubwa haifiki.

Wawili kati ya watano wameshauriwa wamwage maji ya betri kwanza. Aliyewashauri asiguse gari lenu tena. Asidi hiyo inajipenyeza kwenye maungio ya mabati, mahali usipoweza kuisuuza, na itaendelea kula chuma chini ya rangi mpya mliyoilipia. Na anayeziba matundu kwa puti huyo hatengenezi gari, analiremba liuzwe.

Namba ya chesi imefifia. Naweza kuichimba upya ionekane?

Usithubutu: isafishe kwa kitambaa na dawa laini ya kuondoa rangi, ikikataa kusomeka nenda kwa mamlaka ya usajili.

Skrubu za bawaba za mlango zimeliwa vichwa. Nizitoboe?

Subiri kwanza. Hapa umeuliza la maana, maana kimashine kilizaliwa kwa ajili ya kazi hii. Weka mafuta ya kulegeza kutu uyaache usiku mzima, kisha asubuhi yafute vizuri, yasije yakashika cheche. Kwa diski nyembamba, chora mfereji mmoja ulionyooka, upite katikati ya kichwa, kina cha milimita mbili hivi. Ingiza bisibisi pana inayojaza mfereji wote, igonge kwa nyundo mara tatu nne ili kutu ishtuke. Sasa kaza kidogo, unywele tu, ndipo ulegeze. Ukisikia «tik», umeshinda.

Nasafisha uso wa silinda hedi kwa kichwa cha msasa. Unang'aa sana! Kuna ubaya?

Upo. Hedi yako ni alumini, na kila unapong'arisha unachimba bonde usiloliona, gasketi italiona. Baya zaidi ni ule unga wa msasa unaoingia kwenye njia za mafuta na kusaga bearingi. Tumia kikwaruzo cha plastiki na uvumilivu.

Mimi nina Volkswagen Beetle. Naweza kusaga kingo za bloku ya injini?

Usisage. Bloku ya Beetle imetengenezwa kwa aloi ya magnesi, na unga wa magnesi unashika moto. Ukishika, maji yanauchochea badala ya kuuzima, mchanga mkavu ndio unaosaidia. Hapo tumia tupa ya mkono, polepole, na ufute unga kila mara.

Kuna brashi nzuri ya kusafishia ndani ya ngoma za breki?

Barua hii ndiyo iliyonifanya nikae kuandika. Bitana za breki za magari ya miaka ya 1960 kwa kawaida zilikuwa na asbestosi, na Uingereza ilipiga marufuku aina yake ya mwisho mwaka 1999 kwa sababu vumbi lake linaleta saratani ya mapafu. Wewe unataka kulirusha hewani kwa mizunguko 15,000, gereji imefungwa, watoto wako wanatazama. Usipige brashi, usipulize kwa hewa. Lowesha kwa maji ya sabuni, futa kwa kitambaa kibichi, kitie kitambaa kwenye mfuko na uufunge. Kama umeshaanza kazi hiyo, iache leo, na watoto wasiingie humo mpaka umwage maji sakafuni na kuifuta yote ikiwa mbichi.