Chombo cha Kuku Hakilali Nje

Wadogo zangu mnaofuga kuku na njiwa huko Zinga, Kerege na Mlingotini, kilio chenu ni kimoja: tumbili kavunja chombo cha chakula, kunguru kabeba vifaranga, nguchiro kapenya bandani, tufanyeje? Nawaelewa. Kifaranga aliyebebwa leo ndiye angekuwa daftari na sare za mtoto mwakani.

Tatizo ni kwamba wengi mnaanza na mnyama. Mimi nawaambia muanze na chombo. Tumbili hana shida na kuku wako, anataka mahindi. Panya anafuata pumba iliyomwagika, na fira anamfuata panya. Harufu ya dagaa waliosagwa usiku inamvuta kanu, na akishafika hapo atakagua na banda. Chombo kikishinda kimejaa na kulala kimejaa, wote hao umewaalika mwenyewe.

Kwa hiyo pima. Kuku mkubwa anakula gramu 100 hadi 120 kwa siku, na anayejitafutia uani anatosheka na pungufu ya hapo. Asubuhi weka kile watakachomaliza ndani ya nusu saa, jioni rudia wakikaribia kuingia bandani, kisha kikung'ute chombo ukiingize ndani. Kila siku, hata ukiwa umechoka, hata mvua ikinyesha. Mvua ya masika ndiyo mbaya zaidi, maana pumba iliyolowa inaota ukungu, na sumukuvu inaua kuku bila mnyama yeyote kukanyaga uwanja wako. Akiba nayo isikae kwenye kiroba. Tafuta pipa lenye mfuniko unaokaza.

Chombo kining'inize kwa waya kwenye kenchi ya banda, ukingo wake ulingane na mgongo wa kuku. Hapo anakula bila kuchakura na kumwaga, na panya anakosa pa kupandia. Vile vya plastiki vya dukani, tumbili akivuta mara mbili mfuniko umetoka. Mwombe fundi akutengenezee cha bati, na mfuniko uufunge kwa waya ule wa kufungia nondo, uusokote hasa.

Wenye njiwa, nguzo ya kibanda izungushieni bati laini kuanzia usawa wa kiuno hadi bega. Panya akifika hapo anateleza. Lakini nguzo ikiwa chini ya mwembe au mkorosho, bati halisaidii kitu, tumbili atashukia juu. Punguza matawi au hamisha nguzo.

Kunguru namweka peke yake kwa sababu ana akili nyingi. Huyu mwenye shingo ya kijivu si wa kwetu, aliletwa Unguja kutoka Bara Hindi miaka ya 1890 ili ale taka, na sasa ameenea pwani yote. Anakariri saa yako ya kulisha na anaujua uso wako. Vifaranga wadogo walishe chini ya tenga, kama walivyofanya bibi zetu, mpaka wakue kiasi cha kumshinda kubeba. Halafu nenda kwa wavuvi pale Mlingotini, uombe au ununue wavu mkuukuu, uutandaze juu ya uwanja wa kulishia. Uvute ukaze kama ngozi ya ngoma. Ukilegea utanasa bundi na nyoka, na kumnasua nyoka kwenye wavu ni kazi nisiyomtakia mtu.

Nguchiro anaingia kwa chini. Wavu wa kuku wenye matundu mapana haumzuii akiwa mdogo, kwa hiyo sehemu ya chini weka wavu mgumu wa matundu ya nusu inchi, na sentimita 30 uzifukie ardhini, maana anachimba.

Ndege wa porini wakila chombo kimoja na kuku wako wanaacha kinyesi, na kideri kinaweza kuingia kwa njia hiyo. Chanjo yake ya I-2 ni tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu. Usiseme kuku wako wachache. Changa na majirani mnunue kichupa kimoja, mchanje siku moja.

Sasa hili nasema kwa uchungu: acheni sumu. Najua kuna wanaopaka mahindi au kujaza ndani ya samaki. Sumu haimchagui tumbili. Itamkuta mbwa wa jirani, mwewe aliyekula mzoga, mtoto aliyeokota hindi hilo. Tena wanyamapori ni mali ya umma, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu kuwaua bila kibali. Kundi la tumbili likizidi, nendeni wengi ofisi ya kijiji, suala lifike kwa afisa wanyamapori wa halmashauri. Malalamiko ya kaya kumi yana uzito kuliko ya mama mmoja.

Na usimwachie mtoto kazi ya kumfukuza tumbili kwa fimbo. Tumbili, nguchiro au mbwa akimng'ata, osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Hata kama kidonda ni mchubuko tu. Hata kama damu imekauka.