Kompyuta, Ampli na Bafle: Ya Kufanya na ya Kutofanya kwa Mtu wa Kabambare

Maagizo mengi ya kuunganisha kompyuta na stereo yameandikwa na watu ambao umeme wao unatoka ukutani siku zote. Mtu wa Kabambare huutengeneza mwenyewe, kwa sola, kwa betri au kwa jenereta ya petroli, na nyimbo zake hazitoki intaneti bali kwenye flashi. Ndiyo maana orodha hii inaanza na faili, inapita kwenye umeme, na waya unafuata nyuma. Anayeanza na waya atamaliza pesa na bado atasikia mvumo.

FAILI

Pima uzito wa wimbo kabla ya kulaumu bafle. Wimbo wa dakika 4 wenye karibu MB 4 ni MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde, na nyingi zinazojazwa kwenye flashi zetu sokoni ni za aina hiyo. Wimbo huohuo ukiwa kama ulivyo kwenye CD, yaani kilohezi 44.1 na biti 16, una MB 42. Ukibanwa kwa FLAC, ambayo haitupi kitu, hushuka hadi nusu ya hapo au zaidi kidogo. Zile MB zilizokosekana kwenye MP3 ndogo zilikuwa sauti: mng'ao wa matoazi, mkwaruzo wa kidole kwenye uzi, pumzi ya mwimbaji kabla ya kuingia. Hakuna ampli duniani inayoweza kuzirudisha.

Usigeuze MP3 kuwa FLAC ukadhani umeitibu. Unaongeza uzito tu. Wapo wanaouza faili za namna hiyo, wakijua au bila kujua. Fungua wimbo katika Audacity, programu ya bure, kisha utazame spektogramu yake. Kama sauti yote ya juu ya kilohezi 16 imekatika ghafla, sawasawa, kutoka mwanzo wa wimbo hadi mwisho, hiyo karibu kila mara ni MP3 iliyovishwa koti la FLAC. Mrudishie mwenyewe.

Jaribu mtambo wako kwa rumba unayoijua kwa moyo. Chukua wimbo wa bendi ya TPOK Jazz wa miaka ya 1970 au 1980 wenye sebene ndefu, ufuate gitaa moja tu: mi-solo, lile linalokaa kati ya solo na akompa. Ukilifuata toka sebene inapoanza hadi inapokwisha bila kulipoteza, uko pazuri. Likizama katikati ya mengine, rudi kwenye faili kabla hujagusa kitu kingine. Ila usitafute stereo kwenye rekodi za lebo ya Loningisa za miaka ya 1950. Hizo ni mono, na anayekuuzia zikiwa "stereo" amezichakachua. UNESCO iliiandika rumba ya Kongo kwenye orodha ya urithi wa kitamaduni usioshikika wa binadamu Desemba 2021, nasi wenye rumba bado tunaisikiliza ikiwa imenyolewa.

UMEME

Chomoa kila kitu wingu linapotanda. Mwaka 2016 watafiti waliochambua vipimo vya setilaiti vya miaka 16 walizipanga sehemu zinazopigwa radi zaidi duniani. Ya kwanza ilikuwa ziwa Maracaibo kule Venezuela, ya pili Kabare ya Kivu Kusini, na ya tatu Kampene, hapahapa kwetu Maniema, yenye miale zaidi ya 170 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Kuzima kwa swichi hakutoshi. Chomoa plagi, chomoa antena ya redio kwenye ampli, tenganisha waya unaoshuka kutoka paneli ya paa. Usiseme utafanya mvua ikianza, maana radi haingoji tone la kwanza.

Nunua inveta ya wimbi safi, au usinunue kabisa. Zile za bei rahisi hutoa wimbi la ngazi-ngazi: taa inawaka, simu inajaa, lakini ampli inalia kama nyuki, na transfoma yake inapata joto bure. Kama fedha haitoshi, tafuta ampli ndogo ya volti 12 uifunge moja kwa moja kwenye betri. Nyumbani watu watatu wanaosikiliza muziki hawahitaji zaidi. Wati mia tano zilizoandikwa kwenye boksi waachie wenye nganda.

Usiilaze betri ya risasi chini ya nusu. Ikipumzika ikasoma volti 12.1 hivi, zima muziki, hata kama wageni wananung'unika. Betri ikidhoofika inveta hulegea, mdundo mkubwa ukipiga ampli inakosa nguvu, na bafle inapokea sauti iliyokatwa vichwa. Twita huungua namna hiyo: mara nyingi inaunguzwa na ampli iliyoishiwa nguvu.

Washa jenereta kwanza, iache itulie, ndipo uchomeke vyombo. Na uvichomoe kabla petroli haijaisha, kwa sababu jenereta inayokata roho hupandisha na kushusha volti ovyo.

Chomeka kompyuta na ampli kwenye rallonge moja. Kompyuta ikilishwa na jenereta na ampli ikilishwa na inveta, kisha ukaviunganisha kwa waya wa shaba, umefungua njia ya mvumo. Kipimo ni rahisi. Chomoa chaja, kompyuta itumie betri yake. Mvumo ukikatika, kosa liko kwenye chaja na mzunguko wa ardhi, wala si kwenye DAC, kisanduku nitakachokieleza hapa chini, uliyoanza kuitukana. Kisha fanya kipimo cha pili: tenga paneli na kidhibiti cha chaji. Vidhibiti vya bei ya chini hukata umeme mara nyingi sana kwa sekunde, na mlio wao huingia kwenye ampli za volti 12.

Usivunje pini ya ardhi kwenye plagi ili kuua mvumo. Mafundi wanaofanya hivyo wapo, na mvumo kweli hunyamaza. Siku waya wa ndani utakapogusa bati la ampli, atakayeligusa anaweza kufa. Mvumo una dawa nyingine, nayo iko hapa chini.

WAYA NA DAC

Tumia DAC ya nje. Ni kisanduku kidogo, vingine si vikubwa kuliko kidole gumba, kinachopokea tarakimu kutoka kompyuta na kuzigeuza kuwa umeme ambao ampli inauelewa. Tundu la hedifoni la kompyuta lina kazi hiyohiyo, lakini limebanwa katikati ya feni, diski na chaja, ndiyo maana kwenye kompyuta nyingi ukisogeza kipanya unasikia kitu kikikwaruza ndani ya bafle. DAC inaitoa kazi hiyo nje ya vurugu.

Usichukue kebo ya USB yoyote unayoikuta. Nyingi za sokoni ni za kuchajia simu tu, hazina nyuzi za kupitisha data. Kompyuta haitaiona DAC, nawe utasema imekufa. Usipite mita 5, na usipitishe kwenye kigawio cha USB kinacholisha flashi tatu na feni.

Kama ampli au DAC yako ina tundu la TOSLINK, tumia kebo ya mwanga. Toshiba waliileta 1983, na kwetu bado ni dawa, kwa sababu haina shaba: inapitisha mwanga mwekundu peke yake, hivyo mvumo wa ardhi hauna pa kupita. Hiyo ndiyo dawa niliyoiahidi. Toa vifuniko vidogo vya plastiki kwenye ncha zote mbili kabla ya kuchomeka. Wanaovisahau ni wengi, halafu wanashangaa ukimya. Usiikunje kwa pembe kali wala usiipitishe chini ya mkeka wanapokanyaga watoto. Kwenye MacBook za zamani za mtumba, chungulia ndani ya tundu la hedifoni: ukiona mwanga mwekundu, hapo pana TOSLINK ndogo, unahitaji adapta tu.

Kebo ya koaksiali iwe ya omu 75. Basi.

Usilipie kebo ya kidijitali kwa bei ya mbuzi. Tarakimu zikifika zimefika, zisipofika utasikia mikatiko na ukimya. Hakuna kebo ya namna hiyo inayoongeza utamu wa besi. Fedha hiyo weka kwenye inveta.

Usitumie Bluetooth halafu ukajisifu kwa FLAC. Bluetooth ya kawaida huubana wimbo tena njiani, hata kama ulitoka nyumbani mzima. Kwa matanga na mazungumzo inatosha.

NDANI YA KOMPYUTA

Pakia dereva ya DAC kwenye flashi ukiwa bado Uvira au Bukavu. Windows 10 tangu toleo la 2017 inazitambua DAC nyingi mpya bila msaada, lakini Windows 7 haizijui, na kompyuta zenye Windows 7 bado zimejaa kwetu. Ukishapita Fizi na Lulimba, kutafuta dereva ya MB mia kwa mtandao wa simu ni adhabu. Linux haina shida hiyo.

Weka "Format par défaut" kwenye 44 100 Hz kama nyimbo zako zimetoka kwenye CD. Kompyuta nyingi hukaa 48 000 bila kuulizwa, kisha kila wimbo unapigiwa hesabu upya kabla ya kutoka. Zima "Améliorations" zote. Ruhusu "mode exclusif", na tumia programu inayoweza kuichukua, kama foobar2000, ili mlio wa ujumbe usiingilie katikati ya wimbo. Milio ya Windows yenyewe ifute. Hakuna kinachoaibisha kama tarumbeta ya kosa la kompyuta ikipigwa kwa sauti ya arusi.

Chagua PCM. Ukiruhusu kompyuta itume Dolby ya filamu kwenye DAC ya stereo, utapata ukimya au mngurumo wa kutisha.

Acha sauti ya kompyuta asilimia 100, punguza kwenye ampli. Kila desibeli 6 unazopunguza ndani ya kompyuta hugharimu biti moja, na kwenye biti 16 huna za kugawa. Hili watu hubishana nalo sana, na wengi wanaobisha wana ampli ambayo kitasa chake kimekufa. Watengeneze kitasa.

AMPLI NA BAFLE

Chomeka DAC kwenye AUX, CD au TUNER. Usichomeke PHONO. Tundu hilo liliumbwa kwa ajili ya sindano ya santuri inayotoa milivolti chache, na DAC hutoa karibu volti 2. Wala usithubutu kuchukua waya kutoka upande wa bafle wa ampli moja kuingiza kwenye ampli nyingine. Nimeona wanaofanya hivyo ili "kuongeza nguvu". Moshi ndio ulioongezeka.

Nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, bafle zote mbili. Moja ikigeuzwa, besi inapotea na mwimbaji haonekani amesimama wapi. Wakati wa kuwasha, ampli iwe ya mwisho. Wakati wa kuzima, iwe ya kwanza.

Kama kazi yako ni adhana, mahubiri na matangazo kupitia pembe za chuma juu ya nguzo, usinunue DAC. Pembe hizo zinapitisha sauti ya mtu na si zaidi. Nunua maikrofoni nzuri. Na wewe uliyetoka Salamabila na dhahabu mfukoni, usinunue bafle nne kwa siku moja. Nunua mbili, zisikilize mwezi mzima, halafu ujiulize kama tatizo lilikuwa idadi.

Jambo la mwisho linawahusu wenye kaseti. DAC nyingine, na kadi za nje za sauti karibu zote, zina tundu la kuingizia sauti. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyekuja kuanzisha maktaba ya muziki wa Afrika ya ILAM miaka miwili baadaye, alimrekodi mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco kule Jadotville, ambayo leo ni Likasi, na gitaa lile linasikika mpaka sasa kwa sababu lilitunzwa vizuri. Nyimbo za Wabangubangu zilizorekodiwa kwenye arusi na matanga ya wazee wetu ziko kwenye kaseti ndani ya masanduku, zinaliwa na ukungu. Kiangazi cha Juni hadi Agosti hewa ni kavu. Safisha kichwa cha redio-kaseti kwa spiriti na pamba, rekodi kwa WAV, kilohezi 44.1 na biti 24, usihifadhi MP3 peke yake, weka nakala mbili kwenye flashi mbili, na moja ikae nyumba nyingine. Anza na kaseti za yaya au babu aliye hai, ili aweze kukuambia ni nani anayeimba.